Ngazi za Nyuma na Wimbo wa Bado Moja

Mimi ndiye mstaafu kijana kuliko wote ninaowajua hapa Brussels. Sina mvi hata moja, meno yangu yote yapo, na nikisikia ngoma inapigwa mahali, mabega yanaanza kucheza kabla sijayapa ruhusa. Ni magoti tu yaliyozeeka yakaniacha nyuma. Daktari aliyatazama kwenye picha, akakuna kidevu, akasema, "Madame Zawadi, kubeba vitu vizito, c'est fini, imekwisha." Basi nyinyi wadogo zangu wa jukwaani, mlioniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi kabla sijasahau, haya ndiyo. Shule yangu iliishia katikati ya njia. Mkikuta sentensi inachechemea, mjue imemfuata mwenyewe.

Vyeo sitaviandika, maana kwetu vilikuwa viwili tu: anayebeba, na anayesema "wekeni pale".

Ukumbi wetu mnaujua. Uko Ixelles, juu ya maduka, zamani ulikuwa sinema. Watazamaji wanapanda ngazi za mbele zenye zulia jekundu na vioo. Sisi tunapanda za nyuma, za saruji, nyembamba, zinajipinda kama utumbo, na mwaka mzima zinanuka chipsi za yule jirani wa chini. Lifti ya mizigo ilikuwa na karatasi ya "en panne", yaani mbovu. Nilipofika siku ya kwanza, karatasi hiyo ilikuwa imeshageuka rangi ya chai. Sikuwahi kumwona mtu aliyeibandika.

Siku hiyo ya kwanza nilipokewa na Papa Rubeni. Alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu, mwembamba, na kofia ya sufu kichwani hata wakati wa joto. Alinitazama viatu kwanza, halafu uso.

"Weye ndiye ule binti maman wa kwaya aliniambia?"

"Ndiyo, Papa."

"Kazi unaijua?"

"Hapana, Papa."

"Bon. Ile iko muzuri. Wale wanaijua wananisumbua sana."

Akanipa glavu za ngozi zilizokuwa na umbo la mikono ya mtu mwingine, akaniketisha mbele ya mlima wa nyaya. Wiki nzima nilikunja waya. Duara moja unalipitisha juu, la pili chini, moja juu, moja chini, ili siku ya kuufungua ukimbie wenyewe bila fundo. Mimi niliukunja kama kamba ya kufungia mbuzi. Papa akaufungua, ukajiviringa kama nyoka aliyekanyagwa.

"Waya iko na kichwa ngumu kama muntu," akasema. "Ukiikunja mubaya leo, kesho itakumbuka."

Nilipenda kazi hiyo kuliko alivyodhani. Mikono ikishazoea, kichwa kinabaki huru. Nilikuwa nakaa kwenye sakafu ya jukwaa tupu, vumbi linaelea katika mwanga wa taa moja, naota ndoto zangu zote: kuimba, kupaa, kununua koti la rangi ya limau. Hilo koti nililipata. Mengine bado nayafuatilia.

Vifaa vyenu vitakuwa vingi na vya kisasa, lakini mimi nawausia vinne: glavu zinazokutosha, skochi nyeusi ya kitambaa ya kubandikia nyaya, tochi ya kichwani, na mkanda wa kubebea, ule unaopita begani na chini ya mzigo. Wa Papa ulikuwa mpana, umefumwa, umeng'aa kwa jasho la miaka. Hakumwazima mtu. Alisema mkanda ni kama mswaki.

Mzigo wangu wa kwanza ngazini ulikuwa amplifaya ya besi. Papa alikuwa juu, akipanda kinyumenyume. Mimi chini, uso umebanwa kwenye mbao, sioni kitu. Na huo ndio ugumu wa kazi yetu, wadogo zangu: wa chini ndiye anayebeba uzito, na wa juu ndiye anayeona njia. Nikauliza kwa sauti iliyobanwa:

"Papa, zimebaki ngapi?"

"Bado moja."

Nikapanda moja.

"Papa?"

"Bado moja."

Nikapanda nyingine, na nyingine. Kila nikiuliza, jibu ni lile lile, kwa sauti ile ile tulivu, kama mtu anayekusomea saa. Tulipotua mzigo juu nilikuwa nalia na kucheka pamoja.

"Papa, ulisema moja!"

"Na haikuwa moja? Kila mara niliangalia, ilikuwa moja. Weye haupandi ngazi mbili kwa mara moja, mutoto."

Halafu akanipa sheria yake moja tu: usizihesabu. Sijawahi kuzihesabu. Nimepanda ngazi zile ujana wangu wote na mpaka leo sijui ziko ngapi. Koen, yule Mflamandi mwenzetu mwenye mikono kama koleo, alizihesabu siku moja, akasema tangu siku hiyo ziliongezeka.

Sasa niwaeleze wimbo, maana najua ndio mnaoutaka.

Kulikuwa na kundi moja la rock la hapa hapa nchini, la enzi za santuri, ambalo sisi tuliliita Les Vieux, yaani Wazee. Wenyewe walijua, wala hawakukasirika. Kila mwaka walikuja ukumbini kwetu na kinanda chao cha umeme cha zamani, cha mbao, kizito kama ng'ombe aliyegoma. Walikuwa na nyimbo nyingi, lakini watu walikuja kwa ajili ya mmoja. Kwa Kifaransa una jina lake. Sisi nyuma ya jukwaa tuliuita Bado Moja, kwa sababu kiitikio chake chote ni hicho: bado moja, bado moja, mpaka koo zikauke.

Unaanza na kinanda peke yake, chini kabisa, kinahema. Halafu ngoma inaingia ikichechemea: inagonga, inangoja, inagonga. Gitaa linachelewa kuja, mpaka unataka kuliita. Likija, ukumbi mzima unasimama.

Kila mtu alikuwa na maana yake. Wanafunzi wa Ixelles walisema ni kijana anapanda kwenda chumbani kwa mpenzi wake, orofa ya juu kabisa. Wapenzi wa mpira waliuimba wakidai goli. Jirani yangu, muuguzi, aliniambia wagonjwa wake wanaomba waimbiwe wakati wa mazoezi ya kutembea. Mimi kwa ujinga wangu niliamini unahusu chupa ya bia.

Ukweli niliupata siku ya kesi ngumu. Kila mmoja wenu atakuwa na yake, na yangu ilikuwa hii: kinanda kilikwama kwenye kona ya ngazi. Hakipandi, hakishuki. Papa juu, mimi chini, kinanda katikati kimeuma kuta zote mbili. Koen alikuwa amekimbilia bisibisi ili afungue reli ya kushikia ukutani. Sisi tukabaki tumekishikilia kwa mikanda, tunahema pamoja nacho.

Kichwa cheupe kikachungulia kutoka juu. Ni Lode, mwimbaji mwenyewe, na kikombe cha kahawa mkononi.

"Rubeni! Bado moja?"

"Bado moja, Lode. Tangu ule mwaka, bado moja."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wanaodaiana siri. Mimi, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikauliza kutoka chini ya kinanda:

"Monsieur Lode, wimbo ule unahusu nini hasa?"

"Waandishi wa magazeti huwa nawaambia unahusu mwanamke. Wanafurahi, wanaondoka."

"Na mimi ambaye siwezi kuondoka?"

Lode akaketi kwenye ngazi. "Wewe nitakwambia. Unahusu huyo bwana mwenye kofia."

Akasimulia. Walikuwa vijana, hawajulikani, hawana hata mtu wa kuwabebea. Walikodi ukumbi huu huu kwa tamasha lao la kwanza, lifti ikawa imekufa, wakamwomba msaada mwanafunzi mmoja wa Kongo aliyekuwa anapita na vitabu. Huyo mwanafunzi alikuwa Papa Rubeni. Siku hiyo wa chini alikuwa Lode mwenyewe. Katikati ya ngazi nguvu zikamwishia. Alikuwa na njaa, baba yake alikuwa amemfukuza nyumbani kwa ajili ya muziki, na sasa kinanda kinamponda kifua. Akalia. Akasema anakiachia, kishuke kivunjike, naye arudi nyumbani akaombe msamaha na kazi ya dukani.

"Na huyu," akasema Lode akimnyooshea Papa kikombe, "huyu mtu ambaye sikujua hata jina lake, akaniambia bado moja. Nikamwamini. Akasema tena. Nikamwamini tena! Nilipofika juu nilimwita mwongo, nikataka kumpiga."

"Haukukuwa na nguvu ya kupiga hata inzi," Papa akasema.

"Sikuwa nayo. Nikakaa kwenye kinanda, nikapiga vile nilivyokuwa nahema. Ndio mwanzo wa wimbo."

Koen akarudi na bisibisi, reli ikatoka, kinanda kikakubali. Baadaye, tulipokuwa tumekaa juu ya masanduku tukinywa chai ya Papa yenye tangawizi, nikamchokoza.

"Papa, kumbe weye ni staa! Mbona jina lako haliko kwenye jalada la santuri?"

"Na jina ya mama yangu iko wapi?" akajibu. "Minasema ukweli, ile maneno si yangu. Mama alikuwa anabeba mizigo kutoka ziwani mpaka soko ya juu. Mukanda kwenye paji la uso, muzigo mugongoni, macho chini. Ukibeba vile hauone mbele. Wanapanda kwa mustari, na wa kwanza peke yake ndiye anaona njia. Anasema: bado kona moja. Wa pili anapitisha kwa wa tatu, mpaka wa mwisho. Bukavu hakuna kona moja, mutoto. Bukavu yote ni kona."

"Na wale wa nyuma waliamini?"

"Wote walijua. Kila mumoja alikwisha kuwa wa kwanza siku fulani."

Nikafikiri kidogo. "Donc, kumbe si wimbo wa mapenzi."

Papa akapuliza chai yake. "Bon. Kama kudanganya muntu ili asitupe muzigo ni mapenzi, alors ni ya mapenzi."

Tangu siku hiyo sikuusikia tena vile vile. Lakini kuna jambo lilinishangaza: Papa hakuwahi kuusikiliza akiwa mbele. Wimbo ule ulipigwa mwisho, na wakati wa mwisho sisi tunakuwa nyuma ya pazia tumefungua masanduku, tunangoja. Aliusikia kupitia mbao na mgongo wa Lode. Lode alimpa tiketi mara nyingi. Papa akawagawia watu wa kanisa. "Muntu wa nyuma abaki nyuma," alisema. "Mbele kuna baridi."

Miaka ikaenda. Nyonga yake ikakataa, halafu moyo. Akahamia kwenye nyumba ya wazee kule Auderghem, karibu na msitu. Nilikuwa namtembelea nikiwa sina zamu. Tulikaa dirishani. Asubuhi za ukungu miti ilikuwa inapotea mmoja mmoja, kama watu wanaotoka ukumbini polepole, na Papa anauimba wimbo ule puani bila maneno, kidole kinagonga, kinangoja, kinagonga.

Siku moja nikampelekea habari: Les Vieux wanaacha muziki. Tamasha la mwisho litakuwa kwetu, Jumapili mchana, kwa sababu wenyewe siku hizi wanataka kulala mapema. Kidole cha Papa kikaacha kugonga.

"Zawadi."

"Naam, Papa."

"Ninataka niisikie mbele. Mara moja tu. Kisha haitapigwa tena."

Hakuwa amewahi kuniomba kitu maishani, hata chumvi. Nesi alisema sawa, mradi asipande ngazi hata moja kwa miguu, moyo hautakubali. Meneja wa ukumbi, mtu mwema, akaahidi kufungua ngazi za mbele mapema, kabla ya watu. Nikampigia Papa simu nikiwa na furaha.

"Ngazi za mbele sizijui," akasema. "Na zenyewe hazinijui."

"Papa, zina zulia!"

"Zulia ni ya muntu anatembea. Mimi nitabebwa. Muzigo unapita nyuma."

Hamkumjua nyinyi. Ubishi ule hauna dawa.

Jumapili hiyo tulikuwa wanne: mimi, Koen, na vijana wawili wa taa. Magoti yangu yalikuwa yameshaanza kulia, na wote walijua. Koen akasema, "Wewe shika tochi tu, Zawadi." Nikamwambia tochi ashike bibi yake. Tulikuwa na kiti cha mbao chenye mikono. Koen akamketisha Papa atazame chini, tupande kinyumenyume, kama inavyotakiwa kwa usalama.

"Munigeuze," Papa akasema.

"Papa, hivi ndivyo vizuri."

"Sipandi nikiangalia kule nimetoka. Munigeuze."

Tukamgeuza. Nikapita nyuma ya kiti pamoja na Koen, upande wa chini. Nilikuwa nimevaa mkanda wake, maana aliponiona asubuhi alinivisha mwenyewe begani, yule ambaye hakumwazima mtu mswaki wake. Uso wangu ukabanwa kwenye koti lake. Linanuka kafuri na tangawizi. Sioni kitu.

Tukaanza. Alikuwa mwepesi kuliko kinanda, lakini kinanda hakina moyo unaousikia ukigonga kupitia mbao za kiti. Tukafika ile kona. Goti langu la kulia likalia, sauti ya kijiti kinachovunjika, mpaka vijana wa mbele wakageuka. Nikajua nikilegea, Papa anarudi chini pamoja nasi wote. Hakuwa na namna ya kuniona.

Sauti ikatoka juu yangu, tulivu, kama ya mtu anayekusomea saa:

"Bado moja, mutoto."

Nikapanda.

"Bado moja."

Nikapanda. Najua ngazi zile kuliko ninavyojua uso wangu, wadogo zangu. Nilijua ni uongo mtupu. Nikaamini.

"Bado moja."

"Mwongo!" nikapiga kelele ndani ya koti lake, na ngazi nzima ikacheka, na Papa akacheka mpaka kiti kikacheza, na katika kucheka huko tukajikuta juu.

Tulimweka mstari wa mbele, katikati. Mimi niliketi sakafuni kando yake, mguu umenyooka, Koen ameniletea barafu kutoka baa. Watu wakajaa. Les Vieux wakapiga nyimbo zao nyingine, na Papa akasikiliza kwa adabu, mikono magotini, kofia kichwani. Mwisho, kinanda kikaanza kuhema.

Lode alimwona. Aligusa tu kifua chake, pale kinanda kilipombana zamani, akaimba.

Nikamtazama Papa. Nilitarajia machozi. Alikunja uso.

"Ngoma iko juu sana," akanipigia kelele sikioni.

"Papa! Si ulitaka mbele?"

"Ninasikia Lode tu. Kule nyuma nilikuwa nasikia watu. Munigeuze."

Koen akanitazama. Nikamwambia amgeuze. Basi mbele ya ukumbi mzima, katika wimbo wa mwisho wa kundi lile, mzee wa kofia ya sufu akalipa jukwaa mgongo. Mimi pia nikageuka. Sikuwahi kuona nyuso zile, nami nilifanya kazi pale ujana wangu wote. Bibi mmoja amemshika mkono mumewe mgonjwa. Wanafunzi wamekumbatiana. Baba mmoja ana mtoto shingoni. Wote wamefungua vinywa, wanaambiana bado moja, bado moja, kila mtu na mzigo wake ambao sisi hatuuoni. Mwanga wa jukwaa ukawa umewaangukia kama wao ndio wanamuziki. Midomo ya Papa ilikuwa inacheza. Sijui alikuwa anaimba au anamwita mama yake.

Watu walipokwisha kutoka, ilibidi tushuke. Kubeba sikuweza tena. Kijana mmoja wa baa akachukua nafasi yangu nyuma ya kiti, na safari hii Papa hakubisha, alitazama chini. Mimi nikatangulia na tochi, mkono ukutani, nashuka kinyumenyume ngazi kwa ngazi nikimmulikia miguu. Nje, kwenye dirisha dogo la ngazi, ilikuwa bado mchana, mwanga wa kijivu, na njiwa juu ya bomba la jirani wa chipsi.

Papa alikuwa amechoka. Kichwa kilikuwa kimeegemea nyuma. Tulipofika kwenye kona akafumbua macho, akanitafuta nyuma ya mwanga wa tochi. Na yeye ambaye alinikataza kuhesabu, akaniuliza:

"Zawadi, zimebaki ngapi?"

Nikageuza shingo, nikatazama chini. Zilikuwa nyingi.

"Bado moja, Papa."

"Bon," akasema, akafumba macho.